Waya wa Nne: feni, kelele na kompyuta ndogo chini ya meza

Dakika ya 41 ya rekodi ile, bibi anafika pale nilipokuwa namsubiri. Tangu mwanzo alikuwa anazungukazunguka: mvua, harusi za zamani, bei ya dagaa. Sasa anaingia kwa baba yake, manamba katika shamba la mkonge upande wa Muheza, na kipande chake, ile kadi ya siku thelathini iliyokuwa lazima ijae ndipo mtu apate mshahara. Anashusha sauti, kama watu wanavyofanya wakitaja aibu ya nyumbani. Na papo hapo, chini ya meza yangu, feni zinapanda.

Si kelele kubwa. Ni vuuum ya sekunde nne hivi, inapanda, inakaa kidogo, inashuka, inapumzika, inapanda tena. Wakati tunarekodi sikuisikia kabisa, akili yangu yote ilikuwa kwenye kipande. Maikrofoni haina upendeleo huo.

Tulirekodi chumbani kwangu Sinza kwa sababu nyumba ya mjukuu wake, anakofikia akija Dar, imepakana na baa. Kompyuta yangu ni kasha dogo la lita kama 11, linaingia kwenye begi la mgongoni, na ndiyo iliyokuwa inarekodi. Ujinga wangu ni kwamba niliiacha huku nyuma ikiendelea kusaga video ya kazi nyingine, maana tarehe ya kukabidhi ilikuwa kesho yake. Ukiwa mwandishi wa kujitegemea, kuzima mashine ni anasa.

Wiki ile ile nikampelekea rekodi mzee mmoja aliyefanya kazi ya sauti redioni miaka mingi kabla ya kustaafu. Alisikiliza dakika mbili tu.

"Nani huyu anapumua nyuma ya bibi?"

"Kompyuta, mzee. Ni feni."

"Ana pumu?"

Akavua vifaa vya masikioni, akavifuta kwa kanzu. "Sikiliza, mwanangu. Kelele ikikaa mahali pamoja nakutolea, hata iwe kubwa. Hii inatembea. Nikiifukuza itabidi nimfukuze na bibi."

Alikuwa na maana hii. Programu za kusafisha sauti huchukua sampuli ya kelele peke yake, pale ambapo hakuna anayeongea, kisha huitoa sampuli hiyo katika rekodi nzima. Kelele ikibadilika kila baada ya sekunde chache, sampuli inakuwa ya uongo. Ukizidisha nguvu ya kusafisha, zinaondoka na sauti za 's' na 'f' za msemaji. Na bibi yangu meno yamebaki machache, hizo 's' zake tayari ni za kuhesabu.

"Kamalizane na feni zako," mzee akasema. "Halafu umwite bibi tena."

Bibi alikuwa ameshapanda basi la Muheza.

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ikawa miezi mitatu, na katikati yake nikajikuta nasoma historia ambayo sikujua ipo: historia ya watu waliogombana na feni. Ni historia ndefu kuliko nilivyodhani, na imejaa watu wenye kiburi.

Kompyuta na upepo zimezaliwa pamoja. ENIAC, iliyozinduliwa Philadelphia mwaka 1946, ilikuwa na taa za valvu karibu 18,000, za jamii ya zile za redio za babu zetu, na ilikula umeme wa kilowati kama 150. Umeme unaoingia kwenye kompyuta, karibu wote, mwisho wake ni joto. Kwa hiyo ile mashine ilihitaji mitambo ya kupuliza hewa ili isijipike yenyewe. Hakuna aliyelalamikia kelele, kwa sababu hakuna aliyelala na ENIAC chumbani.

Ugomvi ulianza kompyuta zilipoingia nyumbani, na aliyechukia feni kuliko wote alikuwa Steve Jobs. Apple II ya mwaka 1977 haikuwa na feni, shukrani kwa Rod Holt, aliyebuni kisambaza umeme cha aina mpya kisichopata joto sana. Hapo Jobs alishinda. Mwaka 1980 ikaja Apple III, nayo ikakatazwa feni. Joto likafanya vipande vya ndani vichomoke taratibu kwenye vitako vyake, na ushauri wa kiufundi uliokuja kuwa maarufu ni huu: inua mashine inchi chache juu ya meza, iachie ianguke. Kishindo kingevirudisha mahali pake. Kila nikisoma habari hiyo nawakumbuka mafundi wetu wa televisheni waliokuwa wanapiga kofi ubavuni na picha inarudi, nasi tukiamini ni ushamba wa huku kwetu.

Macintosh ya kwanza, 1984, nayo ilikuwa kimya, nayo ilipata joto. Macintosh SE ya 1987 ndiyo ya kwanza katika ukoo wa zile ndogo kuwekewa feni ndani, na ile feni ya mwanzo ilikuwa na kelele kiasi kwamba baadaye Apple wakaibadilisha. Jobs wakati huo alikuwa ameshaondoka. Aliporudi hakuwa amebadilika: mwaka 2000 akatoa Power Mac G4 Cube, mchemraba wa inchi nane, mzuri mno, hauna feni, hewa ya moto inapanda yenyewe na kutokea juu. Julai 2001 uzalishaji wake ukasimamishwa, hasa kwa kuwa haikuuzika kwa bei ile. Lakini walionunua waliipenda, na wengi walitaka kuiwekea kadi ya grafiki yenye nguvu zaidi. Kadi yenye nguvu ina joto. Ikabidi wafunge feni chini ya ule mchemraba, ambako wahandisi wenyewe walikuwa wameacha nafasi inayotosha feni ya milimita 80. Naipenda sana nafasi ile tupu. Mtu fulani, kwenye meza fulani ya michoro, aliambiwa feni marufuku, akasema sawa bosi, akaacha nafasi.

Kwa upande wa kadi za grafiki, mambo yalikwenda haraka kuliko kawaida. Voodoo Graphics ya kampuni ya 3dfx, kadi iliyofungua zama za michezo ya pande tatu mwaka 1996, vipande vyake vilikaa wazi, hakuna bamba la kupozea wala feni. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1999, GeForce 256 ya Nvidia ilikuja na bamba la alumini lenye mapezi, na juu yake feni ndogo kama ya mwanasesere. Feni ndogo ina balaa lake. Ili isukume hewa ya kutosha lazima ikimbie sana, na ikikimbia sana inalia kwa sauti nyembamba, ile inayoingia sikioni kama mbu wa saa nane usiku.

Halafu ikaja 2003 na kadi ambayo kila mwandishi wa mambo haya lazima aitaje: GeForce FX 5800 Ultra. Wapinzani wao, ATI, walikuwa wametangulia mwaka 2002 na Radeon 9700 Pro, kadi ya kasi yenye feni ya kawaida tu. Nvidia walikuwa wamechelewa. Wakaikimbiza kadi yao hadi megahezi 500, joto likawashinda, wakafunga juu yake mtambo wa kuvuta na kupuliza hewa uliokula nafasi ya kadi mbili. Ilipowashwa kwa nguvu zote ilivuma kama kifyonza vumbi, na jina la utani likawa hilo hilo, kifyonza vumbi. Wafanyakazi wa Nvidia wenyewe walitengeneza video ya kujicheka, wakiitumia kadi kama mashine ya kupeperushia majani bustanini. Baada ya miezi michache ikabadilishwa na nyingine.

Nimeitazama ile video mara kadhaa. Inachekesha, ila kuna kitu ndani yake kinanikera. Kampuni iliweza kujicheka kwa sababu ilikuwa na kadi nyingine njiani. Aliyekuwa ameshainunua alibaki nayo chumbani.

Watu hao wa kubaki nayo chumbani ndio waliojenga upande wa pili wa historia. Mwaka 2002, huko Vancouver, Kanada, Mike Chin alianzisha Silent PC Review, akawa anapima ukimya wa kompyuta kwa uzito ambao wengine waliutumia kupima kasi. Zalman wa Korea Kusini na Arctic wa Uswisi waliuza vipoza vya badala: unavua feni ya kiwandani, unafunga kitu kikubwa na cha polepole. Siri yao haikuwa siri. Hewa inayosukumwa huongezeka sawasawa na mzunguko, lakini nguvu inayoliwa hupanda kwa kipeo cha tatu. Kwa kelele, kanuni ya mkato ya wahandisi ni kwamba ukipunguza mzunguko wa feni hadi nusu, unaokoa desibeli 15 hivi. Kwa sikio hiyo ni tofauti ya mtu anayeongea na mtu anayenong'ona. Kwa hiyo feni kubwa inayotembea ni bora kuliko feni ndogo inayokimbia. Ukivua plastiki ya kiwandani na kufunga feni za kawaida za kasha moja kwa moja juu ya mapezi ya kadi, umefanya wanachofanya maelfu ya watu duniani. Mwaka 2021 hata Asus walishirikiana na Noctua wa Austria wakauza RTX 3070 yenye feni mbili za kawaida za milimita 120 juu yake, kadi nene kuliko nafasi nne. Kiwanda kilikuwa kimemfuata fundi.

Na hapo ndipo naingia mimi, maana feni zangu hazikuwa za asili. Kadi niliinunua mtumba Kariakoo, ya kula wati 120 hivi. Vumbi la mwaka mmoja na nusu lilikwamisha feni ya kwanza, ya pili ikaanza kusaga meno. Kadi nyingine ilikuwa nje ya uwezo wangu. Nikaagiza feni za badala kutoka China, nikasubiri wiki tano, zikaja zenye matundu ya skrubu yasiyolingana. Fundi wangu akaziangalia, akacheka, akaziweka droo. Akavua plastiki yote, akachukua feni mbili za kasha za milimita 92, akazifunga kwa vile vibanio vya plastiki vya kubania nyaya. Kadi ikawa kama kitu kilichotoka gereji ya bodaboda. Lakini ilipoa.

Kilichobaki ni swali la nani anaziamuru. Na swali hili lina historia yake, niliyoizimikia kuliko zote.

Feni ya kompyuta ya zamani ilikuwa na nyaya mbili, umeme unaingia na umeme unatoka. Ukiipa volti 12 inakimbia, basi. Baadaye ukaongezwa waya wa tatu, ambao feni huutumia kujibu: kila ikizunguka mara moja inatuma mapigo mawili, na mazabodi inahesabu. Sasa kompyuta ilijua kama feni iko hai. Kuiamuru ipunguze mwendo bado kulikuwa kazi ya kupunguza volti, na feni ikipewa volti kidogo mno haianzi kuzunguka, inatetemeka tu pale ilipo kama gari la betri bovu.

Kisha prosesa zikapata homa. Pentium 4 za mwaka 2004 zilivuka wati 100, na Intel, waliokuwa wanabadilisha kitako cha prosesa mwaka huo, wakasambaza pia maelezo ya feni ya nyaya nne. Waya wa nne ni wa amri tu. Volti 12 inabaki palepale, lakini kupitia ule waya mazabodi inatuma mapigo ya kuwasha na kuzima, mara 25,000 kwa sekunde. Ikiwa ndani ya kila pigo waya umewashwa nusu ya muda, feni inakwenda nusu mwendo au karibu yake. Kwa nini 25,000? Kwa sababu sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Waliweka amri juu kidogo ya mahali tunaposikia. Na wakaongeza sharti moja ninaloliona ni la hekima: ule waya ukikatika au usipounganishwa, feni ikimbie kasi yote. Asiye na bwana afanye kazi kwa nguvu zote, ili kitu kisiungue.

Jioni ya kwanza nilikutana na sharti hilo ana kwa ana. Plagi ya kadi ya grafiki ina pini nne kama ya mazabodi, ila ni ndogo: umbali wa pini hadi pini ni milimita 2, wakati plagi ya kawaida ni 2.54. Haziingiani. Fundi alikuwa amezipa feni umeme tu kutoka kwenye kisambaza umeme, hakuna amri. Zilivuma usiku kucha kama mashine ya kusaga ya Manzese.

Jioni ya pili nikazichomeka kwenye mazabodi. Kimya kikarudi, nikafurahi, nikaweka video isagwe. Baada ya dakika kumi kazi ikaanza kukokota. Kuangalia, kadi imefika nyuzi 84. Kadi za kizazi chake zikifika kama 83 hujipunguzia mwendo zenyewe. Na feni? Zinatembea polepole, hazina habari. Hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna aliyekuwa amenieleza: mazabodi kwa kawaida inasikiliza joto la prosesa na lake yenyewe. Joto la kadi ya grafiki haliioni. Prosesa ilikuwa imetulia, kwa hiyo mazabodi ikaamini nyumba nzima imetulia. Katika kasha kubwa kosa hili unaweza usiligundue, kuna hewa ya kutosha. Katika lita 11, ambamo kadi na prosesa zinapumuliana usoni, huna nafasi ya kukosea.

Haya makasha madogo nayo yana asili yake. VIA wa Taiwan walileta kipimo cha mazabodi ya sentimita 17 kwa 17 mwaka 2001, wakifikiria mashine ndogo za kazi nyepesi. Ni wapenzi wa kompyuta, si viwanda, walioamua kuingiza humo kadi kubwa za michezo. Kasha la NCASE M1, lita 12.6, lilichangiwa na wanunuzi wake wenyewe mtandaoni mwaka 2013. Dan A4 kutoka Ujerumani, lita 7.2, lilifuata mwaka 2016 kwa njia hiyo hiyo. Watu walilipa pesa nyingi ili wapate tatizo ambalo mimi nililipata kwa kuishi chumba kimoja.

Jioni ya tatu, kama wiki mbili baadaye, nikapata waya wa kuunganisha plagi ndogo na kubwa. Sasa kadi yenyewe ndiyo inaziamuru feni. Nilidhani nimemaliza. Kumbe kadi ina tabia iliyoandikiwa kiwandani, kwa ajili ya feni zile za zamani. Kuanzia mwaka 2014 hivi ikawa mtindo kadi kuzima feni kabisa zikiwa zimepoa, ili mnunuzi afurahie kimya, na kuziwasha joto likipanda. Zikishawashwa, amri ya chini kabisa ni kama asilimia 30. Kwa feni ndogo za kiwandani mpango huo ulikuwa sawa. Feni zangu za milimita 92 kwa asilimia hiyo zinapoza kupita kiasi. Kwa hiyo joto linapanda, feni zinawaka, joto linaporomoka, feni zinazimika, joto linapanda. Vuuum, kimya, vuuum. Ile ile pumu ya mzee.

Na kumbe ndivyo ilivyokuwa siku ya bibi, kwa njia nyingine: siku ile feni moja ya asili ilikuwa bado hai nusu, ikikwama na kuachia, nayo kadi ikiisukuma na kuiacha. Nilikuwa nimebadilisha kila kitu na kurudi palepale.

Dawa ikatoka kwa watu wengine kabisa, waandishi wa programu, na kwa msomaji wa kurasa hizi nadhani hawa ndio wanaovutia zaidi, kwa sababu wanafanana nasi: mtu mmoja, usiku, anaandika kitu ambacho hakuna aliyemwagiza. Muitaliano Alfredo Milani Comparetti aliandika SpeedFan, programu iliyowawezesha watu wa kawaida, kwa miaka mingi, kusoma sensa za mazabodi zao na kupunguza feni bila kuomba ruhusa ya mtu. Mrusi Alexey Nicolaychuk aliandika RivaTuner kwa ajili ya kadi za Nvidia, na kutokana nayo ikazaliwa Afterburner inayotolewa na kampuni ya MSI, pengine programu maarufu kuliko zote za kuamuru kadi za grafiki. Januari 2023 Nicolaychuk alieleza hadharani kwamba kazi karibu imesimama: malipo yake kutoka kwenye kampuni yalikuwa yamekwama kwa miezi, sababu ya hali ya kisiasa baada ya vita vya Ukraine. Alikuwa anaendelea kidogo kidogo kwa muda wake mwenyewe. Kampuni ikasema inatafuta njia, na baadaye matoleo mapya yakatoka. Lakini fikiria: mamilioni ya feni duniani, na waya wake wa nne ulikuwa umefika hadi kwenye meza ya mtu mmoja Urusi ambaye malipo yake yalikuwa yamekwama.

Mimi iliyonifaa ni FanControl, nayo imeandikwa kwa sehemu kubwa na mtu mmoja, juu ya kazi huria ya wengine waliokuwa wameshajifunza kusoma sensa. Inafanya jambo moja ambalo mazabodi haiwezi. Inachukua joto la kadi kutoka huku, inapeleka amri kwenye plagi ya mazabodi kule. Nikarudisha feni kwenye mazabodi. Nikachora mstari: chini ya nyuzi 50, mizunguko 800 kwa dakika, isizime kamwe, kutoka 50 hadi 75, ipande taratibu hadi 1,500. Nikaweka uvumilivu wa nyuzi 4, yaani joto lisipobadilika kwa kiasi hicho feni zisijali, na ucheleweshaji wa sekunde chache ili mchomo mdogo wa kazi usizishtue. Kwa rekodi nikatengeneza mpangilio wa pili, mizunguko 800 tu, haibadiliki, na video hakuna.

Usiku wa kwanza nilikaa gizani nikisikiliza. Kelele ipo. Ni kama mtu analala chumba cha pili. Lakini haitembei.

Kuna udhaifu nisiouficha. Programu inaishi ndani ya Windows, na Windows ikianguka amri zinaanguka nayo. Machi 2025 watumiaji wengi waliamka na kukuta kinga ya Windows imeanza kuizuia sehemu ndogo iitwayo WinRing0, ambayo programu nyingi za namna hii zilikuwa zinaitegemea kufikia sensa. Wasiwasi wa usalama ulikuwa wa kweli, WinRing0 ilikuwa na tundu lililojulikana kwa miaka, na waandishi ikabidi watafute njia nyingine. Kwa hiyo chini kabisa, kwenye BIOS, nimeacha amri ya akiba: kama hakuna anayeongea, feni ziende asilimia 70. Fundi wangu alitaka 50. Tulibishana hadi soda zikaisha.

Bibi alirudi Dar mwezi wa nane, kliniki ya macho. Nikamwita tena Sinza, nikamkaribisha chai ya tangawizi, nikabonyeza mpangilio wa pili.

"Leo umezima lile dude lako?" akauliza. Kumbe siku ile alisikia. Yeye alisikia, mimi sikusikia.

"Halijazimwa, bibi. Limetulizwa."

"Haya."

Tukaongea saa moja na nusu. Rekodi ni safi, mzee aliitikia kwa kichwa mara moja tu, na kwake hiyo ni sherehe. Ila hadithi ya kipande, mara hii, ilikuwa fupi. Baba alikwenda, alirudi, pesa haikutosha. Nyapara hakutajwa jina. Ile siku ya thelathini ambayo hakutiwa alama haikuwepo. Nilimuuliza kwa upole, akasema, "Si nilishakwambia?"

Kwa hiyo kipindi kikitoka, utasikia mashine yangu kuanzia dakika ya 41 hadi ya 47. Mzee alinisaidia kuishusha kidogo, akaacha kabla haijagusa 's' za bibi.